Kaka yangu kanunua kiwambo cha kuzuia sauti ya bunduki huko Texas, nyumbani Wete hawalali. Wenye kujua nisaidieni

Khatib_Michenzani

Assalam alaykum ndugu zangu. Naomba jibu la mwenye kujua, si la mwenye kukisia, kwa sababu nyumbani kwetu hali si nzuri.

Kaka yangu, mtoto wa ami, yuko Texas, Marekani. Anaendesha lori. Ana bunduki yake ya kuwindia, hilo tunalijua na tumeshalizoea. Sasa juzi katuma picha kwenye grupu la familia la WhatsApp: bunduki juu ya meza, na kwenye ncha ya mtutu kuna bomba jeusi nene, urefu wake kama shibiri. Chini kaandika, "Nimekipata hatimaye, na kodi sasa ni sifuri."

Mama yake yuko Wete. Kaipeleka simu kwa jirani amsomee, na jirani kamwambia hicho ni kiwambo cha kuzuia sauti, wanatumia wauaji wa kukodiwa, mtu anapigwa risasi na aliye ukumbini hasikii. Tangu usiku ule mama wa watu hali daku wala hafuturu vizuri. Kanipigia analia, "Mwanangu kaingia kundi gani?" Ami naye kasema asimpigie simu mpaka ajieleze.

Nataka kujua: kitu hiki ni halali kule? Ni kweli bunduki haisikiki? Mtu asiye na baya anakitakia nini? Na hiyo "kodi sifuri" maana yake serikali yao imeacha kuvidhibiti? Halafu kuna la mwisho, naye anakuja Idi. Anasema atakuja nacho ami akione kwa macho yake atulie.

Nyuki_wa_Konde

Khatib, usidanganywe na mtu. Kitu kile kazi yake ni moja. Nimekiona kwenye filamu tangu tukiingia Cine Afrique, mtu anapigwa chumba hiki na wa chumba cha pili anaendelea kulala. Tena nasikia kule ukishakuwa nacho umeuza haki zako, askari wanaingia nyumbani kwako saa wanayotaka. Na hakidumu. Risasi mbili tatu kimekwisha, ndiyo maana wanakitupa baharini. Mwambie akirudishe dukani haraka, kijana wetu asije akapotea.

Mzee_wa_Limbani

Waalaykum salaam, mwanangu Khatib. Nimerudi tarawehe nikasoma haya, nikaona nisilale kabla sijakujibu. Mama analia kwa jambo ambalo halipo, na lile lililopo hasa la kulichunga hakuna aliyemwambia.

Mimi ni mtu wa Limbani, Wete hapo hapo. Nimekaa Marekani miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilifanya kazi kwenye uwanja wa kulengea shabaha nje kidogo ya Houston. Nilikuwa nasimama nyuma ya wapigaji kuangalia usalama, kufagia maganda ya risasi, kuwasaidia wageni. Viwambo nimevishika kwa mikono yangu, vya kila aina. Kwa hiyo ninachokwambia sikukipata sinema.

Nianze na mlio, maana ndio uliomnyima mama usingizi.

Alikuwapo mkulima mmoja mtu mzima, akija na bunduki ya kuwindia ya risasi ya .308, yaani unene wa risasi kwa inchi. Kila meza ya kupigia ina kuta za saruji pembeni. Akipiga bila ya kiwambo, vumbi la saruji linaruka juu ya meza, unapigwa kifuani, na watu wa meza ya tatu wanakunja mabega hata kama wamefunika masikio. Akikifunga kiwambo, vumbi linatulia. Lakini mlio upo! Kwanza unasikia kishindo kifupi pale mtutuni, na papo hapo mpasuko mkali unaokimbilia mbele na risasi, halafu kabla nusu sekunde haijatimia bamba la chuma lililo mita 100 linalia teng. Mtu aliye ng'ambo ya barabara anasikia na anajua kabisa kwamba hapa kuna bunduki. Hakuna aliyelala chumba cha pili akaendelea kulala.

Sababu yake ni hii. Ndani ya mtutu, baruti ikiungua inageuka hewa ya moto yenye nguvu kubwa. Risasi ikitoka, hewa ile inatoka nyuma yake kwa kishindo, na hicho ndicho kiwambo kinachokishughulikia. Ni bomba lenye visahani ndani, kila kimoja kina tundu katikati ya kupitisha risasi. Risasi inapita moja kwa moja, hewa inanaswa baina ya visahani, inatanuka, inapoa, inatoka taratibu. Ekzosi ya gari inafanya kazi ile ile, na aliyewahi kusikia pikipiki iliyotolewa ekzosi pale Darajani anajua tofauti. Lakini ekzosi haimzuii mtu kusikia gari inapita, au vipi?

Ule mpasuko wa mbele kiwambo hakiwezi kuugusa. Sauti hewani inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Risasi ya .308 inatoka kwa mita 800 na ushei. Kitu kikienda mbio kuishinda sauti, kinaipasua hewa njia nzima kinakopita, na mlio ule unatoka kwenye risasi yenyewe, si kwenye mtutu. Ufunge kiwambo cha urefu wowote, huo utausikia.

Sasa namba. Bunduki kama ile, sikioni kwa mpigaji, inatoa kiasi cha desibeli 165, ndicho kipimo cha ukali wa sauti. Kiwambo kizuri kinaondoa 25 mpaka 30 hivi. Inabaki 135, wakati mwingine 140. Wataalamu wa masikio wanasema mlio wa ghafla ukivuka 140, sikio linaweza kuumia kwa mara moja tu. Ile mashine ya kupasulia lami barabarani, inayokufanya uhame ukumbini, haifiki hata 120. Halafu desibeli hazihesabiki kama shilingi. Kila 10 zinazopungua, nguvu ya sauti imegawanywa kwa kumi. Kwa hiyo kuondoa 30 ni kuigawanya nguvu ile sehemu elfu moja ukabakisha moja, na hiyo moja bado inatisha. Sikio lisilofunikwa linatoka kwenye hatari ya hakika na kuingia kwenye mpaka wa hatari. Ndiyo kazi yake yote hiyo, na kwa mtu anayepiga mara kwa mara si ndogo.

Filamu hazikutunga kila kitu. Kibunduki kidogo cha .22, chenye risasi za mwendo ulio chini ya sauti, ukikifunga kiwambo unachosikia zaidi ni chuma cha bunduki kikigongana na risasi ikiingia kwenye tuta la udongo. Hicho kimya kweli. Lakini hicho ndicho walichokichukua wakakibandika kila bunduki, mpaka bastola ya silinda. Bastola ya silinda ina mwanya baina ya silinda na mtutu, na hewa yote inakimbilia pale, kiwambo cha mbele kitazuia nini? Ninayoijua inayoziba mwanya ule ni Nagant ya Mrusi ya mwaka 1895, ambayo silinda yake inasogea mbele kuukumbatia mtutu kabla ya kupiga.

Khatib, umeuliza mtu asiye na baya anakitakia nini. Hapa nataka nikusimulie habari ya baba na mwana, uwasomee na wazee.

Bunduki ya Maxim umeisikia skuli. Ndiyo hiyo Wajerumani waliyokuwa nayo huko Bara wakati wa vita vya Majimaji. Aliyeibuni ni Hiram Stevens Maxim, miaka ya 1880. Mtu yule alikaa na milio ya bunduki zake miaka na miaka, akazijaribu mwenyewe, mpaka masikio yakamfa, uzeeni akawa karibu ni kiziwi kabisa. Mwanawe, Hiram Percy Maxim, ndiye aliyepata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kiwambo mwaka 1909. Baba kaleta bunduki ya kelele kubwa, mwana kaleta bomba la kuipunguza kelele. Na hakuliuza kwa siri. Alilitangaza magazetini, likauzwa madukani na kwa posta, watu wakilengea shabaha nyuma ya nyumba bila ya kuwaudhi majirani. Kampuni yake ikaendelea mpaka kwenye kuzuia kelele za mainjini.

Mpaka leo wanunuzi niliowaona ni hao hao. Wakulima. Wawindaji ambao tayari sikio moja linalia usiku kucha. Wazee wanaowafundisha wajukuu zao, kwa sababu mtoto akiogopa mlio anafumba macho anapovuta kifyatulio, na hapo ndipo ajali ilipo. Kule Texas nguruwe mwitu ni balaa. Aliyelima muhogo Pemba hahitaji kuelezwa nguruwe wanafanya nini usiku mmoja. Mwindaji wao anapiga kutoka juu ya gari au kibandani, mara nyingi, na hawezi kila wakati kujiziba masikio akamsikia mwenzake aliye pembeni. Norway na Finland wawindaji wanavitumia kawaida tu, wala hakuna anayemtazama mwenzake kwa jicho la shaka. Uingereza pia, mashambani, wanavyo.

Ya Nyuki wa Konde niyapitie haraka. Kwamba hakidumu: zamani vilikuwapo vyenye visahani vya mpira ambavyo risasi ilikuwa inavitoboa, hivyo kweli vilikwisha upesi. Vya leo ni chuma cha pua au titaniamu, mtu anapiga maelfu kwa maelfu ya risasi. Adui yake ni joto. Baada ya risasi kumi mfululizo huwezi kukigusa, na hewa juu yake inacheza, ukitazama kwenye darubini ya bunduki shabaha inaonekana kama inatetemeka. Wapo pia wanaosema kinaipunguza risasi kasi. Hapana, hakiigusi. Na hakifungwi bunduki yoyote ile: mtutu lazima uwe umekatwa hesi kwenye ncha au uwe na kishikio chake, na tundu lilingane na risasi. Kikikaa upande hata kidogo, risasi inakigonga kwa ndani na kukipasua. Hilo nimeliona, vipande vya chuma vimetawanyika mezani, na Mungu alimnusuru mpigaji.

Askari kuingia nyumbani saa wanayotaka, hilo nalo si kweli. Wanaokaguliwa bila ya hati ya mahakama ni wenye leseni ya kuuza, kwenye biashara yao. Mtu binafsi nyumba yake inalindwa na katiba yao kama ya jirani yake asiye na kitu.

Sasa kodi. Hapa soma pole pole, kwa sababu hapa ndipo kijana anaweza kuharibikiwa.

Marekani walivitia viwambo kwenye sheria ya mwaka 1934, pamoja na bunduki za rashasha, zama za magenge ya wahalifu. Wakaweka kodi ya dola 200 kwa kila kimoja, na wakati ule chenyewe kilikuwa dola chache tu, kwa hiyo nia ilikuwa watu wasinunue. Kodi ile ilikaa hapo hapo miaka tisini na zaidi. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imeifanya sifuri kwa viwambo, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Hicho ndicho kaka yako anachokifurahia, na ana haki.

Lakini kilichoondoka ni dola 200. Usajili uko pale pale. Unanunua kwa muuzaji mwenye leseni, unajaza fomu, unatoa picha na alama za vidole, unachunguzwa rekodi zako, na idara ya serikali kuu inayoitwa ATF inakubali kwanza ndipo unakabidhiwa. Kina namba, na namba ile imeandikwa kwa jina lako. Zamani watu wakingoja miezi minane, mwaka. Siku hizi mambo yanakwenda upesi zaidi. Ukikutwa nacho bila ya usajili ni jinai ya serikali kuu, kifungo mpaka miaka kumi. Kwa hiyo yule aliye kwenye picha, kama kapita njia hii, mama amuone kuwa ni mtu aliyechunguzwa na serikali akaonekana safi. Genge halipeleki alama za vidole.

Aulizwe mambo mawili tu. La kwanza, ana makaazi ya kudumu au uraia? Mwenye viza ya muda tu, sheria yao kwa kawaida haimruhusu kushika hata bunduki yenyewe. La pili linanitia wasiwasi zaidi: umesema anaendesha lori. Majimbo 42 yanaruhusu mtu binafsi kuwa nacho, na Texas imo. Manane hayaruhusu kabisa: California, Delaware, Hawaii, Illinois, Massachusetts, New Jersey, New York na Rhode Island. Dereva anaweza kupakia Dallas Jumatatu, na Jumatano yuko Illinois. Karatasi za Texas hazimwokoi akiwa na kiwambo kwenye lori Illinois. Kibaki nyumbani, kwenye kabati la chuma, na funguo asipewe mtu. Hata wenzake anaokaa nao nyumba moja wasiwe na njia ya kukifikia, kwa sababu kimesajiliwa kwa jina lake yeye.

Na asivutwe na vile vinavyouzwa mitandaoni kwa jina la vifaa vya kusafishia bunduki. Wengi wameagiza wakidhani ni ujanja, ATF ikawafuata mpaka mlangoni.

Nyuki_wa_Konde

Mzee wangu shikamoo. Nimekusoma neno kwa neno. Lakini wakati wa vita vya pili vya dunia majasusi wa Kiingereza walikuwa na bastola isiyosikika kabisa, hiyo si filamu, ni historia. Hapo unasemaje?

Mzee_wa_Limbani

Marahaba. Hiyo ni Welrod, na uko sawa, ilikuwapo, ilitengenezwa Uingereza kwa ajili ya kazi za siri dhidi ya Wajerumani. Lakini angalia walilipa nini kuupata ule ukimya. Risasi yake ilikwenda chini ya mwendo wa sauti. Kila ukipiga moja, unazungusha kitasa cha nyuma kwa mkono kuingiza nyingine, ili chuma kisigongane chenyewe. Na ndani ilikuwa na visahani vya mpira, ambavyo baada ya risasi chache vilitoboka na kelele ikarudi. Kumbe ile habari uliyosikia ya kuwa hakidumu, asili yake ni silaha kama hizi. Bastola nzima ilijengwa kuuzunguka ukimya, haikuwa bunduki ya kawaida iliyofungwa bomba. Kijana wa Khatib ana bunduki ya kuwindia nguruwe. Akipiga, mtaa mzima unajua.

Khatib_Michenzani

Ami Mzee, Mungu akulipe. Nimempigia mama, nikamsomea ile ya alama za vidole mara mbili. Kaka nimemuuliza: ana makaazi ya kudumu, fomu zake zimekubaliwa, na kwenye lori hakipandishi, kampuni yake hairuhusu silaha ya aina yoyote. Nguruwe wanawawinda kwenye shamba la mzungu mmoja anayewaruhusu.

Ila kang'ang'ania kuja nacho Idi. Anasema bunduki haji nayo, ni bomba tupu, halina risasi, hatari itatoka wapi? Kalitia kwenye sanduku la nguo tayari.

Mzee_wa_Limbani

Alitoe. Leo. Mwambie nimesema mimi, mtu wa Limbani, na kama anataka nimpigie nitampigia.

Kwa sheria ya kule, bomba tupu nalo ni silaha. Sheria yao ya mwaka 1934 haiulizi kama bunduki ipo, kiwambo peke yake kinahesabiwa ni silaha kamili, na ndiyo maana kina namba yake. Kukitoa nje ya Marekani kunahitaji kibali cha kusafirisha silaha kutoka wizara yao ya mambo ya nje, kwa sababu viwambo vimo kwenye orodha yao ya zana za kijeshi. Orodha hiyo haijali kama unakwenda kuuza au kumwonyesha baba yako. Kukitia kwenye sanduku la nguo bila ya kibali ni kosa kubwa, na atakuwa amelitenda kabla ndege haijamfikisha hata Doha. Kisha atashuka uwanja wa ndege wa Kisauni na mzigo utapita kwenye mashine. Silaha na risasi huku kwetu ziko chini ya leseni ya polisi, kwa sheria ya mwaka 2015, na askari wa uwanjani akiona kiwambo kwenye skrini hatauliza habari za nguruwe wa Texas. Atamweka kitako. Na wewe uliyekuja kumpokea utaitwa, na ami ataitwa, na hiyo Idi mtaila kituoni.

Amchukulie ami video. Asimame shambani kule, mtu mwingine ashike simu, apige risasi moja na kiwambo kimefungwa. Ami ataisikia mwenyewe. Ila mweleze kuwa maikrofoni ya simu inaukata mlio mkubwa, kwa hiyo uhalisi ni mkali zaidi ya utakaosikika.

Na akibadilisha shauri la kuwa nacho, asimwachie rafiki. Kumpa au kumuuzia mtu mwingine ni fomu tena, na idhini tena.

Muuguzi_Mkunazini

Samahani kuingilia, mimi kazi yangu ni masikio, na nimeona jambo moja limepitiwa haraka. Mzee kasema inabaki 135 mpaka 140. Je, watu wale wakishafunga kiwambo wanaendelea kuvaa vizibo vya masikio, au wanaona wameshamaliza?

Mzee_wa_Limbani

Umegonga penyewe, binti yangu. Uwanjani kwetu ilikuwa lazima kwa kila mtu, mwenye kiwambo na asiye nacho, kwa sababu hata kama chako kimefungwa, cha jirani hakijafungwa. Huko shambani, kusema kweli, wengi hawavai. Wanakifunga, wanaona mlio umekuwa mtamu, wanaacha vizibo garini. Nimefanya kazi na mtu mzima mmoja, mkarimu sana, tukimpigia kelele kutoka hatua tatu hasikii, na yeye alikuwa nacho kiwambo tangu miaka ya 1990.

Muuguzi_Mkunazini

Ndiyo niliyokuwa naihofia. Khatib, mwambie kaka yako avae vizibo vya povu kila anapopiga, kiwambo kikiwa kimefungwa au hakikufungwa. Akivae vizuri: akisokote kiwe chembamba, avute sikio juu kwa mkono wa pili ndipo akiingize, akishikilie mpaka kitanuke. Wengi wanakiweka mlangoni tu mwa sikio na hakizibi kitu. Na dereva wa lori tayari sikio lake la upande wa dirisha linapigwa na upepo na injini kutwa nzima, kwa hiyo halianzi likiwa jipya.

Akifika Idi aje apimwe, au apime huko huko kabla ya kuondoka. Asingoje mpaka asisikie maneno ya watu. Uziwi wa kelele unaanzia kwenye masafa ya juu, yaani sauti nyembamba, karibu na hezi 4,000, na hapo mtu mazungumzo ya kawaida bado anayasikia. Anachoanza kupoteza ni herufi kama s, f na sh, anadhani watu wanamung'unya. Kinywele cha kusikilia kilichokufa ndani ya sikio hakioti tena, hakuna dawa wala operesheni ya kukirudisha. Kama usiku kukiwa kimya anasikia mluzi au mlio masikioni, hiyo pekee inatosha kuja. Aniambie ni sikio lipi, na mlio huo unakaa muda gani baada ya kuwinda.